Naomba ushauri: soka na kriketi katika uwanja mmoja
Wanachama wenzangu, salaam. Hapa Nairobi tuna kikundi cha mashabiki wa soka na kriketi, wakiwemo wanaoikumbuka vizuri Kenya ya nahodha Steve Tikolo iliyofika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi mwaka 2003. Tunachezea uwanja mmoja. Shida ni kwamba njumu za wanasoka huuchimba ule ukanda wa katikati wa kurushia na kupigia mpira wa kriketi, wenye urefu wa mita 20 hivi, ambao sharti uwe mgumu na sawa, kwani mpira wa kriketi ukidunda kwenye shimo unaweza kumpiga mchezaji usoni. Je, tujenge ukanda wa saruji na kuufukia kwa udongo msimu wa soka, au tuuhamishie pembeni? Naomba ushauri wa waliowahi kulitatua jambo hili bila kuufukuza mchezo wowote.