Mafuta ya mkono kwenye dizeli: kitasa cha Toyota, leva ya baiskeli au kebo ya choki?

mkulima_karatu
Wakuu, heshima kwenu. Nina Land Cruiser pickup HZJ75, injini 1HZ, nataka kuifungia mafuta ya mkono, yaani kifaa cha kushikilia mafuta ya injini kwa mkono badala ya kukanyaga pedeli. Kazi ni mbili: winchi ya umeme (mashine ya kuvuta gari kwa kamba) masika udongo mweusi ukishanishika, na kupanda njia za mawe kwa gia ndogo bila mguu kurukaruka kwenye pedeli. Nimeshauriwa namna tatu. Kitasa cha Toyota chenyewe, kile cha kuvuta kwenye dashibodi, kutoka gari lililokatwa spea. Leva ya gia ya baiskeli na waya wake. Au kebo ya choki, ile ya kuvuta kisha unazungusha inajifunga. Nataka kusikia waliozifunga na kuzitumia.

fundi_dizeli
Kabla hujatoa pesa, piga tochi chini ya dashibodi. Cruiser nyingi za dizeli za miaka ya 1980 na 1990 zilitoka kiwandani na hicho kitasa. Mara nyingi kebo ilikatika zamani, mtu akaing'oa akaacha tundu au kifuniko cha plastiki. Ukikuta dalili hizo, usihangaike na mengine, tafuta kitasa na kebo yake kwa wauza spea za mtumba. Kinashika pale ulipokiacha na hakichezi hata gari likitikisika.

Ubaya wake ni mmoja: kushusha mafuta haraka si rahisi. Kwa winchi hilo halina shida, maana gari limesimama. Kwa mawe naona mikono itakuwa na kazi nyingi.

landi_nanyuki
Hapo kwa mawe ndipo baiskeli inashinda, bwana. Yangu ni Defender 300Tdi na leva ya baiskeli iko kando ya gia. Lakini tafuta ile ya zamani inayoshika kwa kukazwa skrubu, si hizi mpya za kuruka hatua kwa hatua. Ya hatua inakupa ama mafuta kidogo mno ama mengi mno. Ile ya zamani unasogeza kiasi unachotaka, na ukitaka kuachia unaigonga tu na kiganja, imerudi.

Kingine, nunua waya wa gia, si wa breki. Kichwa cha waya wa breki ni kikubwa, hakiingii kwenye leva ya gia. Watu wanakuja kukichonga kwa tupa, halafu kinachomoka wakiwa porini.

mzee_wa_gereji
Vijana mnabishania kitasa, na kitasa ni jambo dogo. Swali ni huo waya unaishia wapi.

Wengi wanapeleka waya moja kwa moja kwenye mkono wa pampu ya dizeli, na ganda la kebo wanalifunga kwenye bodi. Injini imekaa juu ya mpira, inayumba. Ikiyumba, mkono wa pampu unasogea nao wakati ganda limebaki pale pale, basi waya unavuta wenyewe. Injini inapanda, inayumba zaidi, inavuta tena. Kwenye mawe gari linaanza kurukaruka kama mbuzi na wewe hujagusa kitu. Ukitaka kwenda kwenye pampu, braketi ya ganda ifungwe kwenye injini yenyewe, siyo kwenye bodi.

Mimi naona njia safi ni kuvuta mkono wa pedeli, ndani ya kabini. Pedeli ina kebo yake ya kiwandani kwenda kwenye pampu, na walioitengeneza walishalifikiria hilo la kuyumba. Waya wako unakuwa mfupi, hautoboi bati la injini, haupiti karibu na egzosi ukayeyusha plastiki yake.

fundi_dizeli
Shikamoo mzee. Hapo kwenye pedeli nakubali kabisa. Niongeze kuhusu kebo ya choki, maana ndiyo inayouzwa kila duka. Waya wake ni mmoja, mgumu, unavuta na pia unasukuma. Ukiukaza kwa klempu kwenye pedeli, siku umeingia kutu na kukwama utaizuia pedeli isirudi hata ukitoa mguu. Na ukikanyaga mafuta, pedeli inakokota kitasa. Waya wa mafuta ya mkono unatakiwa uvute tu. Upitishe kwenye kijitundu au kipete kwenye mkono wa pedeli, kizuizi kiwe upande wa nyuma. Ukivuta leva, kizuizi kinashika pedeli; ukikanyaga, pedeli inakwenda mbele na waya unabaki umelegea. Springi za kurudisha usiziguse hata moja.

diesel_mpya
Na sisi wenye pedeli ya sensa je? Yangu ni D-4D, dizeli ya Toyota ya kompyuta, hakuna kebo kwenda kwenye injini.

mzee_wa_gereji
Pedeli ya kukanyaga si unayo? Waya ule ule unaovuta mkono wa pedeli unafanya kazi, sensa haijui kama ni mguu au ni waya. Mambo ya kukata kata nyaya za sensa usiyaingie, kompyuta italalamika na kulipunguzia gari nguvu. Ila ipo tofauti moja. Pampu za zamani zina gavana ndani, unaweka mwendo wa injini na mzigo ukija yenyewe inaongeza dizeli kuushikilia. Kwenye za kompyuta inategemea walivyoipanga, kwa hiyo jaribu kwanza ukiwa umesimama.

mkulima_karatu
Ahsanteni kwa elimu. Kwa winchi niweke rpm (mizunguko ya injini kwa dakika) ngapi?

landi_nanyuki
Kati ya 1,200 na 1,500 inatosha. Winchi ya volti 12 ikibanwa sana inakula ampea 400 na zaidi, oltaneta inayochaji betri haiwezi kukulipa yote hayo hata ukipiga injini kelele. Vuta kidogo, pumzika, acha betri ijaze. Mafuta ya mkono yanasaidia hasa kwenye hayo mapumziko. Gia iwe huru, uwe umesimama pembeni ya kamba.

fundi_dizeli
Na barabarani usiguse. Kuna wanaoifanya ya kupumzisha mguu safari ndefu. Unakanyaga klachi kubadili gia, injini inapaa. Unakanyaga breki, injini bado inasukuma.

mkulima_karatu
Dashibodi nimeiangalia, hakuna tundu wala kifuniko. Basi naelekea baiskeli, waya kwenye pedeli. Leva niikalishe wapi?

mzee_wa_gereji
Usukani wako uko kulia, mkono wa kushoto ndio unaokaa kwenye gia. Weka leva hapo hapo karibu na gia, mbali na goti, isije ikaguswa ukipanda gari. Ipangwe hivi kwamba kuisukuma mbele ndiko kuzima mafuta, maana gari likisimama ghafla mwili unakwenda mbele.

Ukimaliza, kabla ya kuwasha, vuta leva mpaka mwisho kisha achia. Nenda kwenye pampu uhakikishe mkono wake umerudi ukagusa skrubu ya sailensi (mwendo wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta). Waya ubaki na ulegevu kidogo leva ikiwa imerudishwa mwisho. Kisha washa, mtu akanyage mafuta na kuachia ghafla huku wewe ukiangalia. Injini ikining'inia hata kidogo juu ya sailensi, legeza waya.