Pampu ya kutoa maji botini: ndogo ya otomatiki, kubwa yenye floti, au ya mkono?

Mvuvi wa Jumamosi
Hamjambo wadau. Naishi South B, Nairobi, lakini boti yangu iko Ziwa Naivasha, kwa hivyo naiona mara mbili kwa mwezi nikibahatika. Ni ya faiba, futi 16, injini ya nyuma ya nguvu za farasi 15. Mwezi uliopita mvua ilinyesha mfululizo, nikafika nikaikuta imegeuka beseni. Maji yamefika vitini, betri imelowa, na samaki wadogo wawili ndani, sijui waliingiaje. Nilichota kwa ndoo kuanzia saa tatu hadi saa tano. Mgongo haujanisamehe.

Nimezunguka Kirinyaga Road na Industrial Area, nimebaki na chaguo tatu. Ya kwanza ni ndogo ya galoni 500 kwa saa, inajiwasha na kujizima yenyewe. Ya pili ni ya galoni 1,100, floti, yaani swichi inayoelea na kuiwasha maji yakipanda, unanunua kando, na jumla yake ni karibu mara mbili ya ile ndogo. Ya tatu ni ya mkono, ya kusukuma mpini, haina waya wala betri. Muuzaji ananisukumia ile kubwa. Nyinyi mngechukua gani?

FundiStima
Kwanza sahau ile namba ya kwenye boksi. Galoni 500 ni kama lita 1,900, lakini hupimwa pampu ikimwaga palepale ilipo, bila kupandisha maji, na mara nyingi kwa volti 13.6, yaani kama injini inachaji. Boti yako imefungwa tu, betri iko 12 na kitu, na maji yapande karibu mita nzima kupitia mpira wenye kona. Hesabu nusu yake, au zaidi kidogo. Tuseme lita 1,100 kwa saa.

Sasa mvua. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Boti yako ina kama mita 8 za mraba. Ikinyesha milimita 50 usiku, na hiyo ni mvua ya kweli, utapata lita 400. Ile ndogo itazitoa kwa dakika ishirini na kitu, ikila ampea 2 hivi. Hata ampea-saa moja, kipimo cha chaji ya betri, haifiki. Kwa shida uliyoeleza hapa, ndogo inatosha.

Mvuvi wa Jumamosi
Asante fundi. Sasa ile ya 1,100 wanauzia nani?

Mama Nanga
Wanamuuzia mtu kama mimi. Mvua ni jambo moja, tundu ni jambo jingine kabisa.

Mwaka juzi nilivuta boti kwa trela kutoka Nairobi, nikaishusha majini, nikapakia wageni, tukaondoka. Kizibo cha nyuma kilikuwa mfukoni mwangu. Tundu la milimita 25 likiwa sentimita 30 chini ya maji huingiza zaidi ya lita 40 kwa dakika, kama lita 2,500 kwa saa. Pampu ndogo ya fundi hapo juu inatoa lita 1,100. Fanya hesabu mwenyewe uone nani anashinda. Ile ya galoni 1,100, hata kwa nguvu yake ya kweli, si ya boksi, ingekaribia kwenda sambamba na tundu, ukapata nafasi ya kugeuza boti na kufika ukingoni. Mimi niliokolewa na kidole cha mgeni mmoja aliyekizibia tundu hadi tukafika. Alilipia safari, akafanya na kazi.

Mzee wa Shela
Vijana, maji yale sisi kwetu huyaita ngama, na kuyatoa ni kufua maji. Nilikua nikifua kwa upo wa mbao. Chombo cha mbao hakikauki hata ukikitia kalafati vipi, kwa hiyo hakuna anayengoja mvua ndipo afue.

Bwana Mvuvi, usiidharau ya mkono. Ile ya kiwambo, kama Whale Gusher, humeza majani, vipande vya kamba na magamba ya samaki, vitu ambavyo vingekaba zile za umeme. Betri ikifa, yenyewe iko. Ila ifunge mahali ambapo anayeshika usukani anaifikia, maana siku ya shida utakuwa peke yako.

FundiStima
Shikamoo mzee. Nakubali yote, lakini ya mkono haitajua kwamba mvua imenyesha Naivasha naye kijana amelala South B.

Mzee wa Shela
Marahaba. Hapo umenikamata.

Nyavu Tupu
Mnatatiza mambo. Turubai. Basi.

Mama Nanga
Nilijaribu turubai. Bila mti wa kuliinua katikati maji hukusanyika juu kama bwawa, kisha linachanika na yote huingia ndani kwa mkupuo mmoja. Ukiweka mti, sawa, litapunguza sana. Lakini halitoi hata tone lililokwisha kuingia.

Na jambo ambalo hamjagusa ni floti. Boti yangu hulala chini ya migunga, ile miti ya ukingoni yenye gome la manjano, na vijani vyake ni vidogo kama punje. Vinakaa chini ya boti vinakuwa uji. Uji ule uliikwamisha floti yangu ikiwa juu, pampu ikaendelea kuzunguka kavu usiku na mchana. Ampea 2 kwa saa 24 ni ampea-saa 48. Betri ya gari ya 50 ikafa, kisha mvua ikaja.

Mvuvi wa Jumamosi
Kumbe ni floti inayoua betri. Sasa ile ndogo isiyo na floti inajuaje kuna maji?

FundiStima
Ziko aina mbili. Nyingine zina kihisi ubavuni kinachogusa maji. Nyingine, kama baadhi ya zile za kampuni ya Rule, hujiwasha kila dakika mbili na nusu hivi, zikazunguka kidogo. Zikihisi uzito wa maji zinaendelea, zikikosa zinazima. Hiyo kujipima hula karibu theluthi ya ampea-saa kwa siku, kama 10 kwa mwezi. Paneli ya sola ya wati 20 na kidhibiti chake itarudisha hiyo na nyingi zaidi. Bila sola, wewe wa mara mbili kwa mwezi, siku moja utakuta betri haina kitu.

Waya wa otomatiki uutoe moja kwa moja kwenye betri, usipitie swichi kuu, la sivyo ukizima swichi ukienda nyumbani umeizima na pampu. Fyuzi iwe karibu kabisa na betri.

Mvuvi wa Jumamosi
Waya nina mabaki ya milimita 2.5 za mraba, ya soketi za nyumbani. Na nafikiria kuweka valvu ya kuzuia maji yasirudi.

FundiStima
Unene ni mzuri, tena usiteremke chini ya hapo, kwani waya mwembamba hula volti na pampu inachoka. Lakini ule wa nyumbani ni mgumu, mtikisiko wa boti utaukata ndani ya plastiki usione. Tafuta wenye nyuzi nyingi laini, uliopakwa bati ukiupata. Viungo viwe juu, mbali na maji, na uvivalishe ule mpira unaojikaza kwa moto. Pale Luthuli Avenue, Nairobi, wanauza kwa mita.

Valvu acha. Uji wa majani utaishikilia wazi au utaifunga kabisa, na hewa ikinaswa chini yake pampu ya aina hii huzunguka bure. Mpira upande moja kwa moja bila kushuka njiani, uwe laini ndani, si ule wa mikunjo, na upana uleule wa mdomo wa pampu. Kuna mtu niliwahi kumkuta amefunga mpira wa bustani wa nusu inchi kwenye pampu ya 1,100. Ilikuwa inatema mate.

Mama Nanga
Tundu la kutokea liwe juu sana, na ulipime boti ikiwa na watu wamekaa nyuma. La kwangu lilikuwa zuri hadi wanaume watano wanene walipokaa karibu na injini. Likazama, na pampu ilipozima maji ya ziwa yakarudi kwa njia ileile. Sasa mpira wangu unapanda hadi chini ya ukingo kwanza, ndipo unashuka kutokea nje.

Pia kagua paipu ya petroli. Otomatiki haibagui, ikivuja itamwaga ziwani usiku kucha, na Naivasha ni ardhioevu ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kuhifadhi ardhioevu, tangu 1995. Mvuke wa petroli chini ya boti ni hatari kuliko maji yenyewe.

Nyavu Tupu
Na usiskrubu pampu kwenye sakafu ya boti. Gundisha kipande cha mbao kwa resini, skrubu ziishie humo. Rafiki yangu alitengeneza tundu kwa ajili ya pampu ya kuondoa maji ya tundu.

Mvuvi wa Jumamosi
Nimerudi wadau. Nimechukua ndogo ya otomatiki, sola ya wati 20, na ya mkono ya mzee nimeifunga kando ya kiti changu. Ile kubwa nitaitafuta mwisho wa mwaka, iwe na swichi yake peke yake, juu kidogo ya ndogo. Turubai pia, na mti. Nimefunga yote isipokuwa fyuzi. Nimenunua ya ampea 10.

FundiStima
Lebo ya pampu inasema ngapi?

Mvuvi wa Jumamosi
3.

FundiStima
Rudi Luthuli.