Chevelle 1970 inavuja oili nyuma ya injini, ni lazima nishushe gia boksi?

Chuma_Mkongwe:
Wakuu habari. Naombeni akili zenu maana zangu zimeisha. Nina Chevelle ya 1970, injini ni 350 ile ya lita 5.7, gia boksi otomatiki TH350. Nimeifufua miaka mitatu nzima, bodi tayari, rangi tayari, waya zote mpya, injini ikafanyiwa ovahoo ikarudi imepakwa ile rangi ya chungwa inang'aa mpaka unaona aibu kuigusa na mikono michafu. Siku ya kuiwasha ikashika starti ya pili tu, nikacheka peke yangu kama chizi. Raha ikadumu wiki moja.

Sasa kila nikiipaki naikuta imeacha dimbwi la ukubwa wa kisosi, linadondokea pale injini inapokutana na gia boksi, kwenye lile bati la kufunika flaiwili. Sampu (bakuli la oili chini ya injini) nimeipapasa mbele imekauka kabisa, nyuma ndo imelowa. Fundi aliyeifanyia ovahoo nikampigia, anasema hiyo ni sili ya nyuma ya krenki (ile inayozuia oili isitoke pale shafti inapotokea nyuma ya injini) moja kwa moja, nishushe gia boksi. Kushusha gia boksi peke yangu kwa jeki moja, jamani! Ni lazima kweli au kuna kitu naweza kuangalia kwanza? Nimefunga na tapeti kava (vile vifuniko vya juu ya vichwa vya injini) mpya za kromu, kama inasaidia kujua.

nati13:
Sili ya krenki hiyo mkuu wala usijisumbue kutafuta. Dalili zote ndo hizo, yangu ilikuwa hivyo hivyo. Tafuta mtu wa kukushikia hiyo gia boksi, kesho jioni umemaliza.

Mzee_wa_Spana:
Usishushe chochote kijana wangu. nati13 nakuheshimu ila hapo unampeleka mwenzio porini.

Kwanza hiyo ni oili ya injini au ya gia boksi? Panguza na kitambaa cheupe uangalie. Ya TH350 ni nyekundu, ya injini ambayo ndo kwanza imemwagwa mpya inakuwa kama asali. Nimeona mtu amefungua nusu ya injini kumbe inayovuja ni sili ya mbele ya gia boksi.

Halafu hata kama ni sili ya krenki, kwa injini yako gia boksi haiguswi. 350 za kabla ya 1986 sili ya nyuma ni vipande viwili, nusu imekaa juu kwenye bloku na nusu kwenye kepu ya beringi ya mwisho. Unaingilia chini: unatoa sampu, unatoa oili pampu maana imefungwa kwenye kepu hiyo hiyo, unafungua kepu, ile nusu ya juu unaigonga taratibu upande mmoja na kitu laini cha shaba mpaka ichungulie upande wa pili, unaishika na plaizi huku mtu anazungusha krenki. Kwenye Chevelle itabidi unyanyue injini kidogo kwenye mauntingi ndo sampu ipate pa kupita, mgongo utakuuma lakini siyo kazi ya kushusha gia boksi. Za 1986 kuja huku ndo sili ni duara moja, hapo kweli flaiwili lazima itoke, labda fundi wako alikuwa anawaza hizo.

Sasa kubwa ninalotaka ulishike ni hili, oili inashuka chini na inarudi nyuma. Injini yenyewe imekaa imelalia nyuma, ukiendesha upepo nao unaisukuma huko huko, kwa hiyo chochote kinachovuja juu kitaishia kudondokea kwenye hilo bati la flaiwili na kila mtu atakwambia sili ya krenki. Na kule juu nyuma kuna vingi: oili swichi ile iliyobanana na distribyuta (ile inayogawa moto kwenye plagi), gasketi ya distribyuta yenyewe, kona za nyuma za tapeti kava, na ule mwisho wa inteki manifodi (ile inayogawa hewa na petroli kwenye silinda) unaokalia ukuta wa bloku. Hapo pa mwisho ndo napashuku kuliko pote, hasa kama aliyefunga alitumia zile sili za koki zinazokuja kwenye seti ya gasketi, zikibanwa zinateleza zinatoka nje kama ulimi.

Osha nyuma yote ya injini mpaka ikauke, nyunyizia poda ya mtoto, iwashe iache inguruma dakika kumi na tano, kisha chukua tochi na kioo kidogo uchungulie nyuma ya distribyuta. Anza juu ushuke. Sehemu ya juu kabisa iliyolowa ndo mwizi wako, za chini yake zote zimemwagikiwa tu.

Kabureta_Nne:
Naongezea kwa alichosema mzee. Angalia PCV, ile valvu ndogo inayotoa hewa na mvuke wa ndani ya injini, kabla hujabadilisha gasketi hata moja. Ikiziba, presha ya ndani ya injini haina pa kutokea itatafuta sili yoyote iliyo dhaifu isukume oili hapo, na utabadilisha sili mpaka uzeeke. Itoe uitikise, lazima ichezecheze ndani ipige kelele, ikiwa kimya tupa. Halafu injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyaga mafuta, weka kipande cha karatasi kwenye tundu la bredha (pa injini kupumulia) ya upande wa pili, karatasi inatakiwa ivutwe. Ikipeperushwa jua una shida, na kama PCV ni nzima basi waza ringi za pistoni.

Na hizo tapeti kava za kromu nakuonea huruma. Nyingi bati lake ni jembamba, ukikaza bolti kidogo tu ukingo unapinda pale kwenye tundu na katikati panaachia. Nyingine hazina hata lile bati la ndani la kuzuia oili chini ya PCV, inanyonya oili inapeleka kwenye kabureta. Bolti zake zinakazwa futi-paundi nne au tano tu, mkono na spana fupi vinatosha.

Chuma_Mkongwe:
Wakuu nimerudi. Oili ni ya injini, kitambaa kimetoka rangi ya asali. PCV inacheza na karatasi inavutwa, kwa hiyo hapo salama. Nikaosha nikamwaga poda mpaka injini ikafanana na andazi, nikawasha. Dakika ya kumi hivi naona kwa kioo mstari wa oili unashuka NYUMA YA DISTRIBYUTA, unaanzia kwenye ile inteki, na kipande cha koki kimechungulia nje kweli kama ulimi mzee!! Oili swichi nayo ina unyevu kwenye nyuzi. Sili ya krenki sijui, maana chini kote kumelowa siwezi kusema.

Swali, nikifungua inteki nirudishie koki nyingine na silikoni juu yake?

nati13:
Haya nimenyamaza 😅

Mzee_wa_Spana:
Hapana, koki tupa, na koki na silikoni pamoja ndo mbaya zaidi maana silikoni ikiwa mbichi inakuwa mafuta ya kuitelezesha. Gasketi za pembeni kwenye vichwa zinabaki, ila mbele na nyuma unaweka silikoni ya gasketi peke yake, mstari mmoja mnene kama milimita 6, na kwenye zile kona nne unaipandisha kidogo juu ya gasketi ya pembeni. Kabla ya hapo ule ukuta wa bloku uusafishe na asetoni mara mbili tatu, ukiacha utelezi wa oili hata kidogo silikoni haishiki na utaniletea lawama hapa. Ziba mashimo ya katikati na matambara uchafu usidondoke kwa tapeti.

Distribyuta kabla hujaing'oa weka alama rota ilipoelekea na alama kwenye bodi yake, na usiguse krenki mpaka uirudishe. Gasketi yake badilisha hapo hapo. Inteki ishushe wima, usiiburuze, na usikimbilie kukaza yote, bana kidogo tu, iache kidogo, kisha kaza kuanzia katikati kwenda nje kwa awamu mpaka futi-paundi 30. Bolti za inteki kwenye injini hii baadhi zinatokezea ndani kwenye oili, paka dawa ya nyuzi la sivyo oili itapanda kwenye bolti na utarudi kutulilia. Oili swichi hivyo hivyo, dawa ya nyuzi, usikaze kwa hasira maana bodi yake inapasuka. Halafu iache ilale usiku mzima kabla hujawasha, watu wengi wanaharibu hapa kwa haraka ya kusikia mlio.

Ya krenki iache kwanza. Osha tena, endesha wiki mbili ndo uamue.

Kabureta_Nne:
Na ikifika siku ya kubadili hiyo ya krenki, mdomo wa sili unaangalia mbele kwenye oili, siyo kwenye flaiwili. Na miisho ya vile vipande viwili usiilinganishe na pale kepu inapokutana na bloku, sogeza kama sentimita moja upande. Kuna jamaa aliifunga kinyumenyume, ilivuja kuliko aliyoitoa.

Chuma_Mkongwe:
Ripoti. Nilifungua Jumamosi, koki ya nyuma ilikuwa imehama kabisa, kuna pengo kidole kinaingia. Nimefuata kila kitu, na usiku nikaenda kulala nikaacha funguo ya gari kwa mke wangu kwa usalama. Leo wiki ya tatu, bati la flaiwili limekauka, karatasi niliyotandika chini ina tone moja tu na nimelifuatilia linatoka kona ya nyuma ya tapeti kava ya kushoto.

Nimezirudishia zile za zamani za bati nene, nimezinyoosha ukingo kwa nyundo juu ya ubao. Za kromu nimezitundika ukutani gereji zinapendeza sana hapo.