Natafuta pa kuwapeleka watoto Jumamosi hapa Tanga, pasiwe na kelele na mtandao uwe mzuri

Mamdogo wa Makorora
Habari za usiku wanajamvi. Naomba ushauri, hasa kwa wenyeji wa Tanga mjini. Jumamosi hii nataka kutoka na watoto watatu kutwa nzima. Mkubwa ni wa kiume, miaka 11, anayemfuata ni wa kike, 6, na kitinda mimba ana 4. Tunakaa Makorora. Nina elfu hamsini, na humo humo kuna bajaji, kula na viingilio.
Mkubwa anataka mapango ya Amboni. Darasa lao lilikwenda, yeye akabaki kwa kukosa mchango, na mpaka leo anahadithiwa na wenzake. Mimi nataka mahali penye kivuli, pametulia, tukae chini tuzungumze. Na kuanzia saa nane mchana mpaka saa tisa lazima mtandao uwe mzuri. Hilo ndilo kubwa kuliko yote. Nisaidieni, usingizi hauji.

Fundi Baiskeli
Dada, usijichoshe. Nenda Raskazone, pale kwenye klabu ya kuogelea. Unalipa kiingilio kidogo, kuna maji ya kujimwagia, watoto wanacheza mchangani na wewe umekaa unawaona. Jioni mnapita bustani ya Jamhuri, mnaangalia bandari na kisiwa cha Toten huku mnakula mihogo ya kukaanga na chachandu. Kwa elfu hamsini unarudi na chenji.

Popo wa Kiomoni
Mimi ni mtu wa huko huko Amboni, niruhusuni niseme. Ni kilomita nane hivi kutoka mjini, barabara ya kwenda Horohoro, unakata kushoto. Mapango ni kumi, wageni wanaingizwa moja tu, na mwongozaji. Wavalishe viatu vya kufunika, sio kandambili, mawe yana utelezi. Mdogo wa miaka minne utambeba, maana kuna pahali mtu mzima anainama mpaka magoti. Mkubwa atasimuliwa habari za Osale Otango na Paulo Hamisi waliojificha mle miaka ya 1950 wakitafutwa na serikali ya mkoloni. Wazee walituambia pango linatokea Mombasa, na mtoto atauliza hilo, mwache amuulize mwongozaji.
Ila mtandao ndani ya pango hakuna. Ni mwamba juu, mwamba chini. Hiyo saa nane yako iwakute mmeshatoka.

Mzee wa Barabara ya Kumi na Mbili
Watoto wa siku hizi mnawapeleka kuogelea tu, mji wao hawaujui. Mwanangu, wapeleke makumbusho ya Urithi, kwenye boma la Mjerumani, wakaone picha za Tanga ya zamani. Waambie Novemba 1914 Waingereza walishuka hapa na askari kutoka Bara Hindi, wakapigwa, na nyuki wakatoka kwenye mizinga wakawashambulia. Babu yangu alikuwa akituhadithia vita vya nyuki, na alipofika penye nyuki alikuwa anavuma kwa mdomo mpaka mbwa wanabweka. Wapeleke na Tongoni, barabara ya Pangani, kilomita kama ishirini, kuna makaburi ya nguzo na msikiti uliobomoka. Vasco da Gama alipita pale. Sisi tulikwenda kwa baiskeli, wanne, baiskeli mbili.

Mamdogo wa Makorora
Shikamoo mzee wangu. Tongoni ni mbali kwa yule mdogo. Makumbusho nitayaweka akiba.
Popo wa Kiomoni, ahsante. Je, tukitoka pangoni kuna mahali pa kukaa, mtandao unashika?

Shombo la Deep Sea
Saa nane mpaka saa tisa, mtandao lazima, watoto wakae kivulini wametulia. Shemeji yuko wapi, meli gani? 😂😂

Mamdogo wa Makorora
Si shemeji. Ni mtu wa familia, nataka watoto waongee naye. Naomba tubaki kwenye mahali pa kwenda.

Binti Pangani
Mdogo wangu, mimi nina watoto wanne, nimeshawatoa sana. Mtu akitaka kuwatoa watoto anauliza bembea iko wapi, chipsi ni bei gani, choo kipo. Wewe unauliza kivuli, utulivu na mtandao. Una jambo la kuwaambia. Sema ni jambo gani, tukushauri mahali panapofaa. Hatuwezi kukukadiria nguo bila kukuona.

Mamdogo wa Makorora
Haya.
Dada yangu yuko Maskati, anafanya kazi za ndani, mwaka wa tano huu, hajarudi hata mara moja. Alikuwa aje Ijumaa hii. Tiketi tuliambiwa tayari. Watoto wanahesabu siku, mkubwa amechora vijumba kwenye ukuta wa chumbani na kila asubuhi anakata kimoja kwa mkaa. Shuleni ametangaza. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya mama kuwapeleka Amboni, aliwaahidi mwenyewe.
Wiki iliyopita akapiga. Kule wamemwongezea mshahara, ameongeza miaka miwili. Nyumba yetu ya Pongwe imefika lenta, anataka aezeke kabla hajarudi. Akalia, akaniomba nisiwaambie, atawaambia mwenyewe kwa imo. Simu anaishika baada ya kuosha vyombo vya mchana, saa tisa ya kule, kwetu saa nane. Na Jumamosi kule ni siku ya mapumziko, nyumba nzima wapo, akipata saa moja ni bahati.
Ndiyo maana nikauliza mtandao.

Ustadh wa Nguvumali
Pole sana dada. Ila jambo hili lina funzo. Mama kuwaacha watoto wachanga akenda kulea watoto wa wenzake nchi za watu, sisi kama jamii tujiulize. Riziki iko kila mahali. Tanga hii ina bahari, ina mkonge, ina machungwa pale Muheza.

Binti Pangani
Ustadh, machungwa ya Muheza yanaezeka nyumba ya nani? Baba wa watoto umemuuliza yuko wapi kabla hujamhukumu mama? Tuacheni hilo. Mamdogo, na wewe umekubali aseme kwa simu, watoto wamekaa kwenye jamvi Raskazone?

Mamdogo wa Makorora
Hapana. Ndipo nilipokwama. Nimeshafanya hivi: bajaji nimempa elfu kumi na tano mkononi. Nguo nimeshonesha, za kitambaa kimoja. Keki iliagizwa tangu mwezi uliopita, imelipwa nusu, imeandikwa KARIBU MAMA. Nimefikiria niwaambie ndege imeahirishwa, atakuja karibu na Ramadhani. Jumamosi wafurahi kwanza, dada nimwambie kwenye simu asiseme kitu. Taratibu watazoea. Kwani ubaya uko wapi kumpa mtoto siku moja ya furaha?

Mjukuu wa Bi Kizee
Mimi huwa nasoma tu humu, siandiki. Leo naandika.
Mama yangu alikuwa Maskati hivyo hivyo. Nilikuwa darasa la tatu, tunakaa Majani Mapana. Bibi akaniambia ndege imeahirishwa. Alisema kwa nia njema kabisa, namwombea mpaka leo huko aliko. Lakini tangu siku ile kila nikisikia ndege inashuka uwanja wetu wa Tanga natoka nje. Naacha chakula, naacha daftari, natoka. Bibi ananiona na hasemi kitu. Nilikuwa sijui kwamba ndege ya Maskati haiji moja kwa moja hapa. Nimetoka nje kwa ndege zote zile, karibu miaka miwili.
Dada, ukisema ndege, atasubiri ndege.

Fundi Baiskeli
Aisee.

Mkaguzi Mkuu
Samahanini, mimi hesabu yangu haikai. Dada yuko Maskati mwaka wa tano, hajarudi hata mara moja. Mtoto mdogo ana miaka minne. Huyo wa miaka minne kazaliwa na nani, amekuja kwa imo? Wakuu, mnapewa chai, na mnakunywa.

Shombo la Deep Sea
😂😂😂 Kumbe! Na mimi nilishaanza kufuta machozi kwa shati.

Tanga Raha
Hata mimi nilishangaa, keki, mkaa ukutani, lenta. Imepangika mno. Kuna mtu humu anaandika visa vya namna hii kila mwisho wa mwezi, juzi alikuwa bodaboda aliyeokota mkoba wenye hela.

Ustadh wa Nguvumali
Uongo ni dhambi hata mtandaoni.

Popo wa Kiomoni
Kama ni chai, mbona bajeti na umbali vimekaa sawa? Mtunzi angetia laki mbili. Ngojeni ajibu.

Mamdogo wa Makorora
Nilikuwa nawaogesha.
Wa miaka minne ni wangu, nimemzaa mimi. Wawili wakubwa ni wa dada. Nimeandika watoto watatu kwa sababu kwetu hatuwatenganishi, wanalala chandarua kimoja. Sikujua kama hapa nitatakiwa kuwagawa.
Na kwa kuwa mmenihesabia, nimalizie. Wa kike dada alimwacha ana mwaka na miezi, ndio kwanza ameacha kushika kiti. Ananiita mama. Nilimfundisha aseme mamdogo, akawa anasema, mwanangu alipoanza kuongea akaniita mama, naye akahama. Kwenye simu dada anamwambia niite mama, anamwita, kisha anageuka ananiangalia mimi kama ananiuliza kama amekosea.
Dada aliposema ameongeza miaka miwili, nililia naye. Nilipokata simu nikashusha pumzi. Hilo sijamwambia mtu yeyote. Basi mkitaka kusema ni chai, semeni.

Binti Pangani
Mdogo wangu, hakuna chai hapa. Pole. Hiyo pumzi sio dhambi, umelea.
Sikia. Usimwachie dada yako aseme kwa simu, mtandao ukikatika katikati ya neno nani atamalizia? Waambie wewe, ukiwa umewashika, kabla ya saa nane. Simu ikiita wanajua tayari, wanazungumza na mama yao kama mama yao. Keki mwambie fundi afute, aandike majina yao.

Mkaguzi Mkuu
Dada, naomba radhi. Nilisoma haraka.

Mzee wa Barabara ya Kumi na Mbili
Mimi nililelewa na mama mdogo, barabara ya kumi na mbili hii hii. Mama mzazi alikuwa Pemba. Nikawa na mama wawili, na kila mmoja nilimzika kwa mikono yangu. Mtoto hana shida ya kuwa na mama wawili, mwanangu. Wenye shida ni nyie wakubwa.

Mvuvi wa Sahare
Mmeongea yote, bahari mmeisahau. Mwezi umeandama juzi, Jumamosi bado ni bamvua. Asubuhi saa nne maji yamekupwa kabisa, pale Raskazone utakuta matope na miamba, mtoto atakatwa na chaza. Yanajaa alasiri, saa kumi yamekaa vizuri. Kwa hiyo asubuhi Amboni kabla ya jua kali, saa saba mrudi mjini, mle, simu yenu mpige bustani ya Jamhuri, pana kivuli na mtandao unashika. Saa tisa unusu ndiyo mwende kuogelea. Mdogo mshike mkono muda wote, maji ya bamvua yana nguvu.

Mamdogo wa Makorora
Mvuvi, Mungu akubariki. Hii ndiyo ratiba yangu.
Kuhusu kuwaambia bado nafikiri. Bajaji nimeshamlipa, siwezi kuahirisha.

*Jumamosi, saa nne usiku*

Mamdogo wa Makorora
Tumerudi, wamelala.
Amboni tulifika saa tatu. Yule mdogo nilimbeba mgongoni kwa kanga, kama alivyosema Popo. Ndani kabisa mwongozaji akatuomba tuzime tochi ili tuone giza lilivyo. Tukazima. Sijawahi kuona giza la namna ile, hata mkono mbele ya macho hauuoni, mnasikia popo tu juu na harufu yao. Nikahisi mkubwa amenishika kifundo cha mkono. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mamdogo, mama haji?"
Sikuwa nimepanga. Nikamwambia, "Haji. Miaka miwili tena."
Akanyamaza. Mwongozaji akawasha tochi, mkubwa akawa anaangalia juu kwenye mwamba, machozi yanamtoka na hayafuti. Akaniambia, "Mdogo wangu usimwambie mpaka tumeogelea."
Simu saa nane ilishika vizuri. Mkubwa alizungumza na mama yake dakika ishirini, alimweleza pango lote, hakumlaumu. Dada ndiye aliyeshindwa kuongea.
Maji saa kumi yalikuwa yamejaa, mvuvi hukukosea.

Fundi Baiskeli
Shukrani kwa mrejesho dada. Jumla umetumia ngapi?

Mamdogo wa Makorora
Arobaini na saba na mia tano, keki haimo.

Binti Pangani
Na wa kike umemwambia?

Mamdogo wa Makorora
Alilala kwenye bajaji, nywele zina chumvi. Kesho nikimsuka.