Kishikwambi kipya, boksi halijafunguliwa, sasisho la usalama ni la miezi 19 iliyopita. Huu ni wizi!

Wakuu, habari zenu. Nina hasira na sitaificha.

Wiki tatu zilizopita nilinunua kishikwambi kidogo cha inchi 8. Kipya kabisa, boksi limefungwa, nailoni bado iko juu. Na sikukurupuka. Karibu miezi miwili nililinganisha hiki na kile, maana nilikuwa namtafutia mama. Macho yake yameshachoka na simu, na hivi vya inchi 10 au 11 vinamlemea akijilaza kitandani kusoma. Anataka kitu cha kushika kwa mkono mmoja, asome, awaone wajukuu kwa video, aangalie salio lake la benki. Basi. Hakuna la ajabu hapo. Masharti yangu kwa muuzaji yalikuwa mawili tu: bei iwe ya kawaida, na kifaa kiwe kinapata masasisho kwa wakati. Akaniambia, "Hiki kinapata yote, ondoa shaka."

Nimefika nyumbani, nimekiwasha, nimekiunganisha na Wi-Fi, nikaingia Mipangilio, Kuhusu kishikwambi, Toleo la Android. Pale penye sasisho la usalama kuna tarehe ya miezi 19 nyuma. Nikabonyeza kutafuta sasisho. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kisha ikaja tiki ya kijani: "Mfumo wako umesasishwa." Umesasishwa?! Nimerudia asubuhi na jioni kwa siku kadhaa, tiki ni ileile.

Nikarudi kwa muuzaji. Unajua alichofanya? Akashuka mstari mmoja chini, penye "Sasisho la mfumo wa Google Play", akaniwekea kidole: "Si unaona, mbona ni la juzi tu." Hapo ndipo wengi wanapopigwa, kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Ile ni mistari miwili tofauti. Tangu Android 10 ya mwaka 2019, Google inaweza kusasisha baadhi ya vipande vya mfumo moja kwa moja kupitia Play bila kumsubiri mtengenezaji wa kifaa. Ni jambo jema, lakini ni vipande tu. Kerneli (kiini cha mfumo), viendeshi vya chipu (programu zinazouwezesha mfumo kuwasiliana na chipu), sehemu kubwa ya mfumo wenyewe, hivyo vyote vinamsubiri mtengenezaji. Tarehe ya kuangalia ni ile ya sasisho la usalama, na kwangu imekwama.

Kuna watakaosema, "Mkuu, mbona kinafanya kazi? Achana nacho." Sikubali. Kuanzia Agosti 2015, baada ya lile sakata la Stagefright ambapo ujumbe wenye video uliotengenezwa kihalifu ulitosha kumwingiza mtu ndani ya simu yako, Google hutoa kila mwezi taarifa ya mianya ya usalama iliyozibwa kwenye Android. Taarifa hiyo iko wazi. Ninaisoma mimi, na mwizi anaisoma pia. Kifaa kilichoachwa nyuma miezi 19 maana yake mianya ya miezi yote hiyo inajulikana dunia nzima, na kwenye kifaa cha mama yangu mingi yake haijazibwa. Ndiyo maana programu ya benki sijaiweka na sitaiweka. Kila Jumapili ananiuliza, "Mwanangu, ile ya benki umeshaniwekea?" na mimi nazunguka maneno. Nimeona aibu kumwambia kwamba hela ilishatoka na kazi aliyokitakia haiwezekani.

Huduma kwa wateja ndiyo iliyonimaliza. Jibu la kwanza: zima kifaa, kiwashe tena. Nikafanya. La pili: kirudishe kwenye hali ya kiwandani. Nikafanya, na picha ambazo mama alishaanza kupanga kwa mikono yake zikafutika zote. La tatu: masasisho hutolewa kwa awamu, endelea kusubiri. Nikasubiri. La nne, baada ya kuwaandikia kwa ukali: "Bidhaa hii imekamilisha kipindi chake cha masasisho."

Imekamilisha lini? Nikachimba. Kumbe miaka miwili waliyoahidi inahesabiwa tangu siku modeli ilipozinduliwa, wala si tangu siku ya risiti yangu. Modeli yenyewe ilizinduliwa zaidi ya miaka mitatu iliyopita. Yaani kipindi kiliisha kifaa kikiwa bado ndani ya boksi, kwenye rafu, na wao wakaendelea kukiuza kama kipya kwa bei ya kitu kipya, wakijua. Walijua!

Najua utetezi wao. Google ikishatoa toleo, mtengenezaji wa chipu lazima aandae viendeshi vyake, kisha kampuni ya kishikwambi iweke vikorombwezo vyake, ijaribu, ndipo isambaze. Mtengenezaji wa chipu akiitupa chipu ya zamani, aliye chini yake kazi inamuwia ngumu na ya gharama. Ni kweli kabisa. Lakini nani aliyewalazimisha kuchukua chipu iliyokwisha kuzeeka na kuifungia kwenye kifaa kipya? Na Android 8 ya mwaka 2017 ilikuja na mpango wa Treble uliotenganisha mfumo na viendeshi hasa ili kazi hii ipungue. Miaka yote hiyo imepita na bado tunapewa hadithi ileile.

Na msiniambie kwamba kitu kidogo hakiwezi kutunzwa. Nexus 7 ya 2013, kishikwambi cha Google, ilikuwa ya inchi 7, haikuwa ya bei ya kuogofya, masasisho yalitoka Google moja kwa moja. Ilianza na Android 4.3 ikafika 6.0.1. iPad mini 2 ilitoka mwaka huohuo wa 2013 na Januari 2023 Apple walikuwa bado wameipelekea kiraka cha usalama, iOS 12.5.7. Miaka tisa na ushee! Sawa, iPad mini si ya bei ya kawaida, ndiyo maana sikuinunua. Lakini hata Amazon na vile vya Fire vya bei ya chini wanaahidi masasisho ya usalama kwa angalau miaka minne baada ya modeli kuacha kuuzwa ikiwa mpya kwenye tovuti yao. Someni tena hapo: baada ya KUACHA KUUZWA. (Sikukichukua kwa sababu hakiji na duka la Play na programu ya benki ya mama haimo kwenye duka lao, vinginevyo ningekwenda nacho.) Umoja wa Ulaya nao wana kanuni zilizoanza kutumika tarehe 20 Juni 2025 kwa simu na vishikwambi, zinadai angalau miaka mitano ya masasisho, na miaka hiyo inahesabiwa kuanzia pale modeli inapoacha kuingizwa sokoni. Mnunuzi wa mwisho naye anahesabiwa kuwa mtu.

Hicho ndicho ninachokidai. Sijaomba kifaa cha miaka kumi kwa bei ya mkate. Andikeni kwenye boksi, kwa herufi zinazosomeka, tarehe ambayo masasisho ya usalama yataisha. Siku, mwezi, mwaka. Dawa ina tarehe, maziwa yana tarehe, kwa nini kifaa kinachobeba akiba ya mama yangu kisiwe nayo? Mtu akiamua kununua kilichobakiza miezi minne kwa sababu bei imeshushwa, ni uamuzi wake, amejua.

Mpaka watakapoandika, fanyeni ambalo mimi sikufanya. Usitoe hela kabla kifaa hakijawashwa mbele yako na hujaiona tarehe ya sasisho la usalama kwa macho yako. Ikizidi miezi mitatu au minne, ondoka, hata kama kioo kinang'aa namna gani. Tafuta modeli ilizinduliwa mwezi gani, chukua miaka waliyoahidi, toa muda uliokwisha kupita. Kinachobaki ndicho unachonunua. Na kama kampuni haijasema popote ni miaka mingapi, hesabu kwamba ni sifuri. RAM na kamera utaviangalia baadaye.

Jumatatu nakirudisha, na risiti, na nakala za majibu yao yote manne. Wakikataa kunirudishia hela nitakuja kuwaambia hapahapa. Kwa sasa naomba msaada wenu: mwenye kishikwambi cha inchi 7 mpaka 9 alichonunua kikiwa kipya ndani ya mwaka huu, afungue Mipangilio sasa hivi, aniandikie modeli, mwezi alionunua, na tarehe ya sasisho la usalama. Ile ya juu, si ile ya Google Play.