Moshi ukivuka mpaka wa jimbo, nani wa kuuzuia?

Mleta mada (Connecticut)

Wakuu, salaam. Nina jambo linaloniuma na nataka tulijadili bila kuoneana haya.

Jimbo ninaloishi lilifunga mtambo wake wa mwisho wa umeme wa makaa ya mawe, ule wa Bridgeport, mwaka 2021. Hata hivyo kila kiangazi, joto likipanda na upepo ukitoka kusini-magharibi, tunatangaziwa kwamba ozoni, gesi inayoumiza mapafu, imezidi kiwango na watoto wenye pumu wasicheze nje. Mwanangu ni mmoja wao. Hukaa dirishani akiwatazama wenzake. Sehemu ya hewa hiyo imechafuliwa mbali kabisa, kwenye majimbo ambayo sisi hatupigi kura na magavana wake hawana haja na kura zetu.

Swali langu ni hili: serikali kuu ya Marekani iwe na mamlaka ya kuilazimisha mitambo ya jimbo moja ipunguze moshi kwa ajili ya mapafu ya watu wa jimbo jingine? Mimi nasema ndiyo, tena bila kigugumizi. Anayevuta moshi hana kura pale lilipo bomba, na mwenye bomba hana sababu ya kumwonea huruma mtu asiyemwona.

Tukumbuke tulikotoka. Sheria ya Hewa Safi ya 1970 ilipoanza kubana, hewa ilipimwa karibu na mtambo. Makampuni mengi yakaona dawa ni kurefusha bomba. Pale Homer City, Pennsylvania, mwaka 1977 lilisimamishwa bomba la mita 371, refu kuliko Mnara wa Eiffel. Vijiji vya chini yake vikapata nafuu, moshi ukaenda na upepo. Dioksidi ya salfa ikikaa angani hugeuka chembe nyembamba mno, zinazosafiri mamia ya kilomita na kuingia hadi ndani kabisa ya mapafu, au hushuka na mvua ikiwa tindikali. Maziwa ya milima ya Adirondack, New York, yalipoteza samaki kwa tindikali iliyotoka huko magharibi. Watu wa Adirondack wangemshitaki nani? Upepo?

Ndiyo maana mwaka 1990 Bunge la Marekani liliweka ukomo wa salfa kwa mitambo ya umeme, na vibali vya kutoa salfa, vya kununua na kuuza, chini ya ukomo huo. Mwaka 1980 mitambo hiyo ilitoa tani zipatazo milioni 17. Mwaka 2010 zilikuwa kama milioni 5. Hakuna gavana mmoja ambaye angeliweza hilo peke yake.

Mchangiaji (Louisville, Kentucky)

Pole kwa mtoto, ndugu. Mimi pia ni mzazi. Lakini naomba usikie na upande wetu, maana ukiwa huko pwani mambo yanaonekana mepesi.

Kwanza, hiyo sheria ya 1990 iliyaacha makampuni yachague njia. Mengi hayakuweka vichujio vya kunasa salfa. Yaliagiza makaa yenye salfa kidogo kutoka Wyoming, yakaletwa kwa treni. Makaa ya magharibi mwa Kentucky na kusini mwa Illinois yana salfa nyingi, kwa hiyo yakakosa soko. Wachimbaji wa huku ndio waliolipia hewa yako, na hakuna aliyewauliza. Unalalamika kwamba huna kura kwetu. Na wao hawakuwa na kura kwako.

Pili, ozoni ya Connecticut si ya mabomba yetu tu. Angalia magari ya New York yaliyo jirani yako. Tatu, kilichoua makaa ni gesi ya bei rahisi kutoka kwenye miamba ya Pennsylvania, si amri za Washington. Na nne, Juni 2024 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 kwa 4, ilisimamisha ule mpango wa serikali kuu wa 2023 wa ujirani mwema, wa kuzuia jimbo lisichafue hewa ya jimbo jingine, uliohusu majimbo 23. Hata majaji wameona serikali kuu imevuka mstari.

Mchangiaji (Pittsburgh)

Nimefanya matengenezo kwenye mitambo ya umeme miaka mingi, niwaambie kitu ambacho wengi hawakijui.

Oksidi za nitrojeni, ambazo jua likizipiga pamoja na mivuke ya petroli na rangi huzaa ozoni, zina dawa yake. Moshi hupitishwa kwenye chumba chenye kichocheo, unapuliziwa amonia, na sehemu kubwa ya oksidi hizo hugeuka nitrojeni ya kawaida na maji. Chumba hicho ni ghali kukijenga, ila kikishajengwa kazi imebaki kununua amonia na kubadilisha kichocheo kinapochoka. Sasa, vibali vya kutoa oksidi hizo, navyo vya kununua na kuuza, viliposhuka bei, kukawa na hesabu ya ajabu: ni rahisi kununua kibali kuliko kununua amonia. Chumba kipo, kimelipiwa, na hakifanyi kazi inavyotakiwa, tena kiangazi.

Maryland iliona hivyo ikapeleka ombi kwa Shirika la Hifadhi ya Mazingira la serikali kuu mwaka 2016, ikitaja mashine 36 za umeme katika majimbo matano: Indiana, Kentucky, Ohio, Pennsylvania na West Virginia. Haikuomba mtu ajenge kitu. Iliomba vilivyokwisha jengwa viwashwe. Shirika likakataa mwaka 2018. Mwaka 2020 mahakama ya rufaa ikasema sehemu ya sababu zake hazikusimama. Miaka minne kwa ajili ya swichi! Mimi hapo nashindwa kuona hoja ya ajira inaingilia wapi, maana chumba kikiwashwa kinahitaji watu wa kukihudumia.

Mleta mada

Mkuu wa Pittsburgh, ahsante sana. Mkuu wa Louisville, mawili nakubali moja kwa moja. Magari ya New York ni kweli, na kanuni ya mitambo pekee haitamaliza ozoni yetu. Na wachimbaji walitendewa vibaya. Fedha za kuwahamisha kwenye kazi nyingine zilitakiwa ziwemo ndani ya sheria yenyewe.

La gesi silikubali lote. Salfa ya mitambo ilishuka kutoka tani kama milioni 15.7 mwaka 1990 hadi milioni 11.2 mwaka 2000, kabla gesi ya miamba haijatapakaa sokoni. Gesi ilimalizia.

Kuhusu mahakama, tusichanganye. Mwaka 2014 Mahakama hiyohiyo, kwa kura 6 kwa 2, uamuzi ukiandikwa na Jaji Ruth Bader Ginsburg, ilikubali kanuni ya moshi unaovuka majimbo. Mwaka 2024 ilisimamisha mpango mmoja, kwa hoja kwamba Shirika halikueleza vya kutosha mpango utasimamaje majimbo kadhaa yakitoka. Kipengele cha ujirani mwema bado kimo ndani ya Sheria ya Hewa Safi.

Halafu kuna hili. Utafiti uliotoka mwaka 2023 ulikadiria vifo 460,000 vya wazee vilivyohusishwa na chembe za mitambo ya makaa kati ya 1999 na 2020, na vipatavyo 390,000 vilikuwa kabla ya 2008. Vikapungua kadiri vichujio vilivyowekwa na mitambo ilivyozimwa. Na wazee hao hawakuwa wa pwani tu. Wengi walikuwa wa Ohio na Pennsylvania kwenyewe. Unaposema amri hizi ni za kuwapendelea watu wa pwani, unawasahau wazee wa huko huko kwenye mabomba.

Mchangiaji (Louisville, Kentucky)

Mashine iliyopo iwashwe. Hapo sikupingi, na hata majirani zangu wanaounga mkono makaa nikiwaeleza hivyo watakubali. Tatizo langu ni amri ijayo, ile ya kujenga chumba kipya kwenye mtambo uliobakiza miaka michache. Hapo gharama inaingia kwenye bili ya bibi anayeishi kwa pensheni. Nani analipa, Connecticut?

Mleta mada

Kama hewa ninayovuta inasafishwa huko, naona ni haki nichangie. Tuwekeane hilo mezani: kiasi gani, na kipitie wapi?

Mchangiaji (Pittsburgh)

Anzeni na amonia ya kiangazi hiki.