Vijana wa North Melbourne wanakua kweli, au wanajaza takwimu tu?

Mkazi wa Nyegezi

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi na wenzangu wawili tulifanya kazi na Waaustralia kwenye migodi ya dhahabu ya huku Kanda ya Ziwa, na walipoondoka walituachia mapenzi ya mpira wao unaoitwa Aussie Rules: watu 18 kila upande, uwanja wenye umbo la yai kama mpira wenyewe, na nguzo nne badala ya goli lenye nyavu, ambapo mpira uliopigwa ukapita kati ya zile mbili ndefu ni pointi 6 na ukipita kati ya ndefu na fupi iliyo pembeni yake ni pointi 1. Mchana wa Melbourne ni asubuhi yetu mapema, kwa hiyo Jumamosi nyingi huwa tumeketi kabla ya saa 1, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai, na majirani hawaelewi tunachoshangilia.

Timu yetu ni North Melbourne. Ilishika mkia mwaka 2021 na 2022, kisha ikawa ya 17 kati ya timu 18 mwaka 2023 na mwaka 2024. Kwa kuwa kwenye drafti ya vijana timu iliyofanya vibaya ndiyo hupewa nafasi za mwanzo za kuchagua, tumepata Harry Sheezel (chaguo la 3) na George Wardlaw (la 4) mwaka 2022, Colby McKercher (la 2) na Zane Duursma (la 4) mwaka 2023, na Finn O'Sullivan (la 2) mwaka 2024.

Ubishi wetu unamhusu zaidi Sheezel. Katika mechi yake ya kwanza alitoa mpira mara 34 kwa mguu na kwa ngumi, na msimu huohuo wa 2023, akiwa na miaka 18, alitwaa tuzo ya chipukizi bora wa ligi na ya mchezaji bora wa klabu. Lakini msimu huohuo timu ilishinda mechi 3 tu na katikati ikapoteza 20 mfululizo. Mwenzangu anashikilia kwamba namba za kijana aliye katika timu inayofungwa ni povu, kwa sababu mpira unarudi nyuma kila dakika na anayecheza nyuma hana budi kuupata. Mimi nakataa, ila sina hoja ya kumnyamazisha. Tuwapime vijana hawa kwa kipi?

Kocha wa Igoma

Ndugu yangu, mimi nafundisha soka la vijana wa chini ya miaka 17, na mpira wenu nimeutazama mara chache, lakini jambo hili naliona viwanjani kila wiki. Mwenzako ana nusu ya ukweli. Idadi ya kugusa mpira inakuambia kijana alikuwa wapi, haikuambii alifanya nini, kwa hiyo macho yako yasiishie mguuni pake bali yaufuate mpira hadi unapotua.

Chukua daftari, gawa ukurasa mara nne kwa robo nne za mchezo, na kila anapotoa mpira weka alama moja kati ya tatu: umemfikia mwenzake aliye huru, umemfikia aliyebanwa, au umetua mikononi mwa wapinzani. Kijana anayempasia mwenzake aliyebanwa amehamisha shida yake tu, hata kama takwimu zitamhesabia pasi njema. Kisha linganisha robo ya kwanza na ya nne. Nilikuwa na kiungo mmoja aliyekuwa akinifurahisha sana hadi nilipomwandika kwa njia hii mechi tatu; nikagundua kwamba baada ya mapumziko alikuwa anapiga kila mpira bila kuinua kichwa. Hakukosa kipaji, alikosa pumzi, na pumzi inafundishika.

Tazama pia anachofanya baada ya kupoteza mpira. Anayegeuka papo hapo kukaba, huku timu iko nyuma kwa pointi 60 na watazamaji wameanza kuondoka, huyo mimi ningemvumilia misimu mitatu.

Niliyeishi Perth

Nakubaliana na Kocha, ila naomba niongeze suala la nafasi, maana katika mchezo huu usipolizingatia utawaonea watu. Sheezel alipokuwa kwenye timu za vijana alijulikana kama mshambuliaji. Kumweka nyuma katika mwaka wake wa kwanza ulikuwa uamuzi wa benchi la ufundi, kwa sababu anapiga mpira kwa usahihi na timu ilihitaji mtu wa kuanzisha mashambulizi kwa utulivu. Kwa hiyo mpira haukuwa unamwangukia tu. Wenzake walikuwa wakimtafuta ili wampe, nao wanaocheza ligi kuu hawampi mpira mtoto wasiyemwamini. Baadaye alisogezwa katikati, na huko ndiko hoja ya povu inakopimwa vizuri, kwa kuwa katikati hakuna mpira wa bure.

Wardlaw mpime kwa kipimo kingine kabisa. Kazi yake ni kuingia kwenye msongamano, kugombania mpira ulioanguka chini na kukaba, hivyo anaweza kutoa mpira mara 15 na akawa amefanya kazi kubwa kuliko aliyetoa mara 30 pembeni. Duursma ni mshambuliaji, naye hula kulingana na mipira inayomfikia. Timu isipovuka katikati, utamlaumu kwa njaa isiyo yake. Warefu nao huchelewa zaidi, kwa kuwa mwili wa miaka 19 hauwezi kusukumana na beki wa miaka 28. Mshambuliaji mrefu wa North, Nick Larkey, aliokotwa kwenye chaguo la 73 mwaka 2016, lakini mwaka 2023, katika timu ileile iliyoshinda mechi 3, alifunga mabao 71. Hata Luke Davies-Uniacke, chaguo la 4 la mwaka 2017, alisubiriwa miaka kadhaa kabla watu hawajaacha kuuliza kama klabu ilikosea.

Mama wa Mwaloni

Wanangu, mnawapima watoto bila kuipima nyumba inayowalea. Mimi nauza samaki, na huku ziwani sangara asiyefika sentimita 50 sheria inakataza kumvua. Hana kasoro yoyote, ila muda wake bado.

Klabu ya Hawthorn ya ligi hiyohiyo mwaka 2004 ilichagua Jarryd Roughead, Lance Franklin na Jordan Lewis katika drafti moja, mwaka uliofuata ikashinda mechi 5 tu, na mwaka 2008 ikatwaa ubingwa, Franklin akiwa amefunga mabao 113. Klabu ya Melbourne (siyo North Melbourne yenu) nayo mwaka 2009 ilipata chaguo la 1 na la 2, Tom Scully na Jack Trengove. Scully aliondoka baada ya misimu miwili, na mwaka 2013 timu ilishinda mechi 2. Vipaji vilikuwepo pande zote mbili. Kwenu pia, Jason Horne-Francis, chaguo la kwanza la mwaka 2021, alicheza msimu mmoja akahamia klabu ya Port Adelaide. Kocha wenu Alastair Clarkson ndiye aliyewalea wale wa Hawthorn, na nilifurahi klabu ilipowaleta Luke Parker, Jack Darling na Caleb Daniel kwa msimu wa 2025, maana kijana anahitaji mtu mzima wa kusimama naye siku timu inapozidiwa. Sisi mashabiki wa klabu ya soka ya Pamba tuliisubiri Ligi Kuu zaidi ya miaka 20 hadi 2024, kwa hiyo nawaomba msiwe na haraka na watoto wa watu.

Mkazi wa Nyegezi

Nawashukuru wote, na Mama shikamoo. Tumegawana kazi: mimi namwandika Sheezel, mwenzangu mbishi amechukua Wardlaw kwa hiari yake, wa tatu ana McKercher. Kocha, swali dogo: mpira ukitua mahali pa wazi, wachezaji wawili wakaukimbilia kwa pamoja, niweke alama gani?

Kocha wa Igoma

Weka alama ya nne, kisha andika pembeni nani aliufikia. Ikiwa mwenzake ndiye anaufikia mara nyingi, basi kijana anapiga mbele ya mtu kwa makusudi, na hiyo ndiyo pasi ngumu kuliko zote.